Namna ya kuisimulia picha ya sinema uliyoitazama jana

Ukiulizwa "Ile picha ya jana ikoje?" usianze kwa kusema nzuri wala mbaya. Anza na kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako: uso, mlango, kiatu, kimya cha mtu fulani. Hukumu ije nyuma. Ndivyo ninavyowaambia wasichana wanaokuja kwangu hapa Langoni, Lamu, kujifunza kushona kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, maana mchana tunashona, na usiku baada ya isha tunatazama picha kwenye kompyuta ya mpwa wangu, na kukipambazuka mtaa mzima unataka habari. Bi mkubwa wa nyumba ya pili akiipenda picha, ni kwa sababu imemliza. Mwanawe akiipenda, ni kwa sababu magari yamelipuka. Sasa aliyeuliza atajuaje kama itamfaa yeye?

Chukua Children of Heaven, picha ya Iran ya mwaka 1997 iliyoongozwa na Majid Majidi. Ali, mtoto wa familia maskini mjini Tehran, anavipeleka viatu vya dadake Zahra kwa fundi, na njiani kurudi vinapotea. Wazazi hawawezi kununua vingine, kwa hiyo watoto wanaificha siri na kuvaa raba za Ali kwa zamu. Zahra anasoma asubuhi, Ali anasoma mchana, na kila siku dada anatoka shule mbio ili kaka azipate raba asichelewe. Nikikwambia ni picha ya huzuni juu ya umaskini, utaiweka kando. Lakini nikikwambia kuna siku raba moja inamponyoka Zahra mguuni, inaangukia mtaroni, maji yanaibeba na yeye anaikimbiza huku amenyosha mkono, utataka kujua aliipata au hakuipata. Mtu aliyekulia kwenye vichochoro vya Lamu, mitaro ikipita chini ya kuta, hahitaji kuelezwa zaidi. Baada ya hapo ndipo nasema hukumu yangu: naipenda picha hii kwa sababu wale watoto hawana nafasi ya kujihurumia. Wana kazi ya kufanya, na saa inakwenda.

Utakipataje kitu hicho kimoja? Sisi hutazama huku tunashona, na hilo limenifunza njia. Vito huhitaji jicho, kwa hiyo picha ya kawaida huipata nusu ya macho yetu. Sindano ikisimama yenyewe, hapo pana kitu. Picha ikiisha sigombanii kusema wa kwanza. Nauliza kila mmoja: mkono wako ulisimama wapi? Majibu huwa hayafanani, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kuwa na maana. Wewe usiyeshona una alama zako. Tazama ni wapi uliacha kutafuna bisi, ni wapi uliisahau simu. Kiandike kitu hicho kabla ya kulala, mstari mmoja tu, kwa sababu asubuhi kitakachobaki kichwani ni jina la stelingi na muziki wa mwisho.

Jambo la pili, ambalo huku kwetu ndilo la kwanza kuulizwa: naweza kuitazama na mama mkwe? Usilidharau swali hilo. Mtu anayeuliza anapanga jioni ya nyumba nzima, wazee na watoto pamoja, na tukio moja la aibu linaweza kumfanya baba mkwe ainuke aende zake barazani na hatarudi tena. Mwambie wazi. Kuna busu, kuna matusi, kuna damu nyingi, na iko karibu na mwanzo au karibu na mwisho. Kusema hivyo hakukufanyi mshamba wala mkali. Mimi huisifu picha kwa moyo wote na papo hapo nikamwambia mwenzangu aitazame peke yake chumbani.

Urefu nao useme. Lagaan, ya mwaka 2001, inapita saa tatu na nusu. Ni habari ya wanakijiji wa India mwaka 1893 wanaowekeana dau na maofisa wa Kiingereza: wakishinda mchezo wa kriketi wataondolewa kodi, wakishindwa watalipa mara tatu. Hakuna mtu mwenye watoto anayeweza kuimaliza kwa kikao kimoja kati ya isha na usingizi. Lakini picha za Kihindi hutengenezwa zikiwa na mapumziko katikati, na mwongozaji amepapanga mahali pale kwa makusudi, akuache na hamu. Basi ukikata, kata hapo. Ukikata popote tu halafu ukaja kulalamika kwamba picha inachosha, umeionea.

Kuhusu mwisho wa picha, wahenga walishasema penye kuku wengi hapamwagwi mtama. Kanuni yangu ni kusimulia mpaka kwenye swali, si mpaka kwenye jibu. Katika ile picha ya viatu, nakwambia kuna mashindano ya mbio za shule, na zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba. Ali anataka kuwa wa tatu. Si wa kwanza, si wa pili. Nanyamaza. Na mtu akikubana, akashika mkono wako, akakuapia kwamba hatamwambia mwingine, endelea kunyamaza.

Picha za lugha ngeni zina shida yake. Maandishi ya chini hayasomeki huku unashona, na bibi zetu wengine hawayasomi kabisa, kwa hiyo mmoja wetu husoma kwa sauti na kufasiri papo hapo. Msomaji mzuri hafasiri kila neno. Anatoa kiini na kuwaacha watu wasikie sauti ya mwigizaji mwenyewe, maana kilio hakihitaji mkalimani. Kuna pia zile picha zinazosimuliwa kwa Kiswahili na akina DJ Afro, sauti yao ikipita juu ya waigizaji, na napenda kuzisikiliza, kwa kuwa huyo bwana anajua kuchangamsha ukumbi. Ila ukitoa maoni, sema kwamba ulitazama iliyosimuliwa. Kicheko kilitoka kwa nani, kwa mwigizaji au kwa msimulizi? Kama hujui, itazame mara nyingine bila msimulizi, ndipo useme.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuitolea maoni picha inayohusu kwenu. Subira, ya Ravneet Sippy Chadha, ilitoka mwaka 2018, ikakua kutokana na filamu fupi ya mwongozaji huyo huyo, na Kenya ikaipeleka kushindania Oscar. Subira, anayeigizwa na Brenda Wairimu, ni msichana wa Lamu mwenye ndoto ya kuogelea baharini, huku mila na ndoa zikimvuta upande mwingine. Tulipoitazama nyumbani, nusu saa ya kwanza ilikwenda kwa kutambua tu. "Hapo si karibu na kwa fulani?" "Mbona kakata kona hii akatokea kule?" Sikuwakataza. Kuuona mui wako, yaani mji wako, kwenye skrini ni furaha, na furaha hiyo ina haki yake. Lakini si maoni juu ya picha. Picha ya kwenu itazame mara mbili: mara ya kwanza utambue kuta, mara ya pili uwatazame watu.

Katika ile mara ya pili, jiulize mambo ambayo mgeni hawezi kuyajibu. Mama anamkatazaje mwanawe? Kwa kelele, au kwa ule ukimya wetu ambao ni mzito kuliko kelele? Yule binti anavyovaa buibui lake, ni mkono uliolizoea? Mimi naiona hoja ya Subira kuwa ya kweli, na nitaitetea mbele ya yeyote. Sisi ni watu wa kisiwa. Kila alasiri wavulana wanajirusha majini kutoka gatini, wanapiga mbizi, wanacheka, na dada zao wanapita juu wamebeba mahamri na hakuna anayewauliza kama wanajua kuogelea. Picha iliyoliona hilo imeona kitu. Kuna majirani zangu waliosema inatuchafulia jina. Niliwaomba kila mmoja anitajie tukio lililomuuma. Waliotaja tukio tulizungumza mpaka usiku, na wengine nikaona wana haki. Wengine hawakulitaja hata moja, wakakiri kwamba habari ile waliisikia tu dukani.

Vuta N'kuvute inaleta mgogoro wa aina nyingine, kwa sababu wengi wetu tuliisoma riwaya ya Adam Shafi kabla ya Amil Shivji kuifanya filamu mwaka 2021. Tuko Unguja, miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin anaikimbia ndoa ya mume aliyemzidi umri sana, na anakutana na Denge, kijana aliyejitosa katika kupigania uhuru. Aliyesoma kitabu hukaa mbele ya skrini akihesabu vilivyoachwa. Nasema tena na tena: riwaya utalala nayo wiki nzima, picha ina saa moja na nusu hivi. Iulize imefanya nini na saa hiyo. Mimi nilichokipata humo ni giza, taa, rangi za nguo, na watu wanaosemezana kwa kutazamana. Mwendo wake ni wa pole na si kila mtu atauvumilia. Mpwa wangu alisinzia. Nami nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba ni ya pole, kabla sijamwambia kwamba niliipenda.

Tumia pia ujuzi wa watu ulio nao karibu. Captain Phillips, ya mwaka 2013, inahusu meli ya mizigo ya Maersk Alabama iliyotekwa na maharamia wa Kisomali mwezi Aprili 2009 ikiwa njiani kuja Mombasa. Shemeji yangu ni mvuvi, na picha ile tuliitazama pamoja. Sisi wengine tulikuwa tunamtazama Tom Hanks, anayeigiza nahodha. Yeye alikuwa anatazama mawimbi, namna kile kiboti kinavyosogelea ubavu wa meli kubwa, na vile vijana wanavyoiinua ngazi huku maji yanawarusha. Alisema kitu kimoja ambacho nimekibeba mpaka leo: hofu ya wale walio chini ni kubwa kuliko ya walio juu, na picha inaionyesha. Baada ya maneno yake niliirudia nikimwangalia Barkhad Abdi, anayeigiza kiongozi wa maharamia. Hakuwa ameigiza filamu kabla ya hiyo, na akateuliwa kushindania Oscar na kushinda tuzo ya BAFTA ya Uingereza. Mwongozaji, Paul Greengrass, hakuwakutanisha yeye na wenzake na Hanks mpaka siku ya kurekodi pale wanapoingia chumba cha usukani. Ukijua hilo, tazama macho yao tena. Kwa hiyo, kama picha ina daktari, tafuta nesi wa mtaani kwenu. Kama ina fundi cherehani, njoo kwangu.

Usisahau kutazama kile kisichoonyeshwa. Mfano mkubwa ninaoujua ni The Message ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976. Mtume, rehema na amani zimshukie, haonekani wala sauti yake haisikiki. Watu wanaielekea kamera na kusema nayo, na kamera inasimama mahali pake. Kazi hiyo ilirekodiwa mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kwa waigizaji tofauti: Hamza, ami yake Mtume, kwa Kiingereza ni Anthony Quinn, kwa Kiarabu ni Abdullah Gaith. Ukipata zote mbili, weka tukio moja la kila upande ulinganishe. Mimi namchagua Gaith, kwa jinsi anavyosimama kabla hajasema neno.

Mkibishana, na mtabishana, shikilieni tukio. "Wewe huna akili" haipeleki mbele mazungumzo. "Rudisha nyuma tuone" inayapeleka. Nyumbani kwangu anayepinga hupewa kompyuta mkononi, atafute mahali, atuonyeshe. Wazee wapewe nafasi ya kusema mwanzo, lakini na mtoto asikizwe mpaka amalize, kwa sababu watoto huona mikono na wanyama na vitu vya pembeni ambavyo sisi tumeviruka tukifuata maneno.

Kama hujawahi kufanya hivi, anza na Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Ni fupi, kama saa moja na robo, lugha zake ni za hapa Kenya, na mama mkwe anaweza kukaa mbele kabisa. Jo, anayeigizwa na Stycie Waweru, ni msichana mgonjwa sana anayependa mashujaa wa sinema, na dadake anaamua kwamba kijiji kizima kitamsaidia awe mmoja wao. Weka leso karibu. Ikiisha, zima, kaeni kimya muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, kisha kila mtu ataje mahali pamoja. Mimi langu ni uso wa mama yake, na ukitaka kujua ni wapi, itazame kwanza.