Utupa kwenye mashamba ya maharage Kigoma: uujue kwanza, kisha uutumie

Wakulima wengi wa maharage wa Kasulu, Buhigwe na Kibondo wanaufahamu utupa, mmea ambao majani yake huua wadudu, lakini wanautumia kwa kubahatisha. Mmoja anasema umemwokolea maharage, jirani yake anasema haufanyi kitu. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na sababu iko kwenye mmea wenyewe.

Kitaalamu utupa huitwa *Tephrosia vogelii*. Ni kichaka cha jamii ya kunde, asili yake ni Afrika ya kitropiki, na huota mpaka mwinuko wa mita 2,100 hivi. Hufikia urefu wa mita 2 hadi 4, shina lake ni laini na haliishi miaka mingi. Jani moja limeundwa na vijani vingi vilivyopangwa viwili viwili, kimoja kikisimama peke yake nchani. Shika kijani kimoja: utahisi vinyweleo laini kama hariri, juu na chini. Maua hukaa kwa vishada mwishoni mwa matawi, ni makubwa, ya rangi ya zambarau au meupe. Ganda lina manyoya ya kahawia, urefu wa sentimita 5 hadi 14, na ndani mna mbegu nyeusi au za kahawia iliyokolea, kwa kawaida 6 hadi 18.

Angalia pia usije ukapewa utupa mwingine, *Tephrosia candida*, uliotoka Asia na kuenezwa kwa ajili ya kurutubisha udongo. Una maua meupe na maganda membamba zaidi. Kwa udongo unafaa, lakini kwa kuua wadudu usiutegemee.

Sasa jambo ambalo wakulima wachache wameambiwa. Nguvu ya utupa hutokana na kemikali za kundi la rotenoidi zilizomo kwenye majani. Utafiti uliofanyika Malawi ulionyesha kwamba ipo mimea ya utupa halisi, yenye maua na majani yale yale, ambayo haina kabisa kemikali hizo. Kwa macho si rahisi kuitofautisha. Ndiyo maana nasisitiza: jaribu mmea wako kabla ya kuutegemea. Chukua maharage yenye wadudu walio hai, yagawe katika chupa mbili zenye vitundu vya hewa. Moja changanya na unga wa majani ya utupa, nyingine iache hivyo hivyo. Baada ya siku chache hesabu wadudu waliokufa katika kila chupa. Kama hakuna tofauti, mmea huo usiuzalishe kwa ajili ya dawa.

Mmea uliofaulu, chuma majani yake na uyaanike kivulini. Jua kali huvunja rotenoidi, kwa hiyo ukianika juani unapoteza dawa kabla hujaitumia. Yakikauka, yatwange. Kwa vidukari na mbawakavu wanaokula majani ya maharage, loweka kilo 1 ya unga katika lita 10 za maji yenye sabuni kidogo, gramu 10 hivi zinatosha. Sabuni usiiache, maana rotenoidi haziyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Iache usiku kucha, chuja kwa kitambaa, kisha nyunyiza jioni. Jioni jua limepungua na nyuki wamerudi mizingani, na mkoa wetu ni wa asali. Rudia kila wiki endapo wadudu bado wapo. Majani ya maharage yaliyonyunyiziwa usiyachume kwa mboga wiki hiyo.

Ghalani, unga huo huzuia wadudu wanaotoboa maharage. Kiasi cha kilo 2 hadi 2.5 kwa gunia la kilo 100. Mimi nashauri uutumie kwa maharage ya mbegu tu. Hii ni sumu, hata kama imeota nyuma ya nyumba. Funika pua na mdomo unapotwanga, nawa mikono, na kinu cha chakula kisihusike.

Na samaki huuawa na utupa kwa kiasi kidogo sana. Usioshe vyombo vya dawa mtoni, wala usimwage masalia karibu na mfereji: maji ya Malagarasi huishia Ziwa Tanganyika. Kuvua kwa sumu kumekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na anayefanya hivyo anaua hata samaki wadogo ambao wangevuliwa mwakani.

Kwenye udongo utupa una faida kubwa. Mizizi yake ina vinundu vinavyokamata naitrojeni ya hewani, na majani yake huoza upesi. Shamba lililochoka likipumzishwa kwa utupa msimu mmoja au miwili, mahindi yanayofuata hunufaika. Lakini mizizi hiyo hiyo hutunza minyoofundo, yaani minyoo wadogo sana wa udongoni wanaotia mizizi vifundo. Usipande tumbaku, nyanya wala maharage mara tu baada ya kung'oa utupa, tanguliza mahindi. Wakulima wa tumbaku, hili mlizingatie sana.

Unapovuna majani, punguza matawi tu. Ukikata shina karibu na ardhi, mara nyingi halichipui tena. Mbegu zichume maganda yakishageuka kahawia lakini kabla hayajapasuka, na zichukue kwenye ile mimea iliyofaulu jaribio la chupa. Ziloweke usiku mmoja, uzipande mwanzoni mwa mvua kwa nafasi ya mita 1, kwenye mpaka wa shamba ulio mbali na kijito.