Amekaangwa ngisi: kumwaga unga kwa Kikantoni

Mtu wa Guangzhou au Hong Kong akikwambia bosi kamkaanga ngisi, usimuulize kama pilipili ilikolea. Kafukuzwa kazi. Msemo wenyewe ni 炒魷魚, nami niliujua vizuri baada ya kuaibika, nikiwa mkalimani wa wafanyabiashara wetu pale Xiaobei, Guangzhou.

1. Ione picha kwanza. Mchanje ngisi upande wa ndani, mistari ya kukatizana, kisha mtupe kwenye karai la mafuta yaliyochemka. Hujageuza mwiko, kipande kilicholala bapa kimeshajikunja kama mkeka. Zamani kibarua wa kule alikwenda kazini na matandiko yake mwenyewe. Akiachishwa, aliyakunja, akayafunga, akaondoka. Sisi tusishangae: kirago ni mkeka wa kulalia, na husema fulani kafunga virago.

2. Tamka. Kwa Jyutping, yaani Kikantoni kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, ni *caau2 jau4 jyu2*. Namba ni toni. "Caau" isome "chaau" kwa pumzi, sauti ikipanda kama unauliza. "Jau" ni "yau", ishushe mpaka chini. "Jyu" ndiyo inayotesa: midomo iwe ya "u", ulimi wa "i", na sauti ipande tena.

3. Panga sentensi. *Ngo5 bei2 lou5 sai3 caau2 zo2 jau4 jyu2*: nimefukuzwa na bosi. "Zo" inafanya kazi ya "-me-" yetu, ila hukaa kati ya kukaanga na ngisi. "Bei" ndiyo "-w-" ya kufukuzwa. Usiisahau! Mimi niliiruka nikimweleza mwenyeji masaibu ya mteja wangu, nikasema: *Keoi5 caau2 zo2 lou5 sai3 jau4 jyu2*. Mzee yule akainuka, akampa mteja mkono wa hongera. Mteja, macho mekundu, akanigeukia: "Umemwambia nini?"

4. Igeuze kwa makusudi. Nilikuwa nimesema kamkaanga bosi ngisi, yaani kaacha kazi mwenyewe, na kwa kichwa juu. Wakantoni huipenda sana sura hii ya msemo.

Ni lugha ya maskani. Kwenye barua ya kiofisi usiiandike. Marafiki hukata hata ngisi wenyewe wakabaki na "caau" tu. Na ukiwa na njaa kweli, tafuta 鮮魷 kwenye menyu: huyo ni ngisi wa kuliwa.