SOMO: Domeini yako ina thamani gani kweli, na picha za tovuti uzionyeshe vipi bila kuilemaza

Habari wakuu. Leo naweka pamoja mambo mawili ambayo wenye tovuti huwa wanauliza kila moja kivyake, la kwanza ni "domeini yangu naweza kuiuza bei gani" (domeini ni lile jina la tovuti, kama mfano.com) na la pili ni "nitumie kifaa gani kuonyesha picha ili tovuti isiwe nzito". Nimeyaunganisha kwa sababu yote mawili yana mtego mmoja, kuna mashine za bure zitakupa namba ndani ya sekunde chache na watu wanaiamini ile namba kuliko inavyostahili. Twende taratibu, nusu ya kwanza domeini, ya pili picha, maswali yako chini.

HATUA YA 1: hakikisha domeini ni yako

Usicheke, hapa ndo wengi wanaangukia. Ingia lookup.icann.org uandike jina lako, itakuonyesha lilisajiliwa lini, kwa kampuni gani, linaisha lini na hali yake ikoje. Masomo ya zamani yatakwambia utumie WHOIS, mfumo wa zamani wa kutafuta hizi taarifa, ila tangu Januari 2025 mfumo rasmi wa kazi hiyo kwa domeini kama .com na .net ni RDAP, taarifa ni zile zile na jina la mmiliki mara nyingi utakuta limefichwa kwa ajili ya faragha. Ukiona maneno clientTransferProhibited usishtuke, hiyo ni kufuli ya kawaida na unaifungua mwenyewe kwenye akaunti.

Kubwa zaidi ni hili: akaunti iliyosajili hiyo domeini inatumia imeili ya nani? Kama fundi aliyekutengenezea tovuti alisajili kwa akaunti yake, basi kwenye makaratasi domeini ni yake hata kama hela ya kila mwaka unatoa wewe. Malizana naye kwanza mambo yakiwa mazuri, usisubiri mnunuzi afike.

HATUA YA 2: angalia historia yake

Nenda web.archive.org, wanahifadhi kurasa za intaneti tangu 1996. Weka jina uone miaka ya nyuma palikuwa na nini. Domeini iliyowahi kuwa ya kamari au ya kuuza dawa feki inabaki na linki chafu zinazoielekea, na mnunuzi makini ataziona kabla hajakutajia bei. Alafu andika Google site: ikifuatiwa na jina lako bila nafasi katikati, kama tovuti ina kurasa nyingi na haitokei hata moja, kuna jambo.

HATUA YA 3: sasa ndo bei

Mashine za kukadiria bei kama Estibot na ile ya GoDaddy (kampuni ya kusajili domeini) ni bure au karibu na bure. Zinachofanya ni kuangalia urefu wa jina, maneno yaliyomo, kiambishi cha mwisho (.com, .net na kadhalika), wangapi wanatafuta hayo maneno, na mauzo ya majina yanayofanana. Kwa maneno ya Kiingereza zinajitahidi. Jina la Kiswahili mashine huwa inalikata vipande vya ajabu au inaliona ni herufi tu zisizo na maana, kwa hiyo bei yake hapo ni ya kubahatisha, iwe juu au chini.

Mi napenda tovuti ya NameBio kwa sababu inaonyesha mauzo yaliyotokea kweli. Namna ya kuitumia: chagua kiambishi kile kile cha kwako, tafuta majina yenye neno la aina ile ile na urefu unaokaribiana, chukua ya miaka ya karibuni, kisha tazama bei za katikati ya orodha. Watu wanakimbilia juu kabisa, wanaona voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, chat.com dola milioni 15.5 mwaka 2023, wanarudi kwenye jina lao lenye maneno matatu na kistari katikati wanaweka bei ya gari. Hayo ni maneno mamoja mamoja yanayotumika dunia nzima, tena kwenye .com, na wanunuzi wake ni makampuni yenye hela za kumwaga.

Kuna kipimo cha bure kinachonisaidia kuliko mashine zote: mpigie mtu simu, mtajie jina mara moja tu, mwambie aandike. Akiliandika sawa bila kuuliza, una kitu. Akiuliza "hiyo mbili ni namba au neno?" au "hapo kuna kistari?" umeshajua kwa nini majina ya namba na vistari yanauzwa kwa bei ya kutupa. Kiambishi nacho kina uzito wake, .com bado ndo mfalme, ila soko linabadilika, .ai ni kiambishi cha kisiwa cha Anguilla na imepanda kwa sababu ya akili bandia (AI) tu, kama .tv ya Tuvalu ilivyopendwa na watu wa video.

Alafu tofautisha bei mbili. Kuna ya wachuuzi, yani wale wanaonunua ili wauze tena, na kuna ya mtu mwenye biashara anayelitaka jina lile lile kwa kazi yake. Ya pili inaweza kuwa mara kumi ya kwanza ila mtu huyo anaweza asitokee kabisa, na domeini nyingi haziuzwi milele, unabaki kulipia kila mwaka. Kwa hiyo piga hesabu ya ada ya kila mwaka mara miaka ambayo uko tayari kusubiri, na uangalie kama jina lako ni la daraja la premiamu, maana kuna viambishi ambavyo ada ya kuhuisha inakuja kubwa kila mwaka, siyo siku ya kununua tu.

HATUA YA 4: kuuza bila kulizwa

Tumia eskro, yani mtu wa kati anayeshika hela mpaka domeini ihame. Ile namba ya siri ya kuhamishia domeini (auth code) ndo ufunguo wenyewe, haitoki mpaka eskro ikuthibitishie hela imeingia, na uthibitisho unausoma ndani ya akaunti yako ya eskro, siyo kwenye imeili uliyotumiwa na mnunuzi. Pia ujue domeini iliyosajiliwa au kuhamishwa karibuni kwa kawaida inafungiwa siku 60 kabla haijaenda kampuni nyingine, usimwahidi mtu leo kwa leo.

Haya, tuhamie kwenye picha.

HATUA YA 5: pima picha zako zilivyo sasa

Fungua tovuti yako kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda Network, chagua Img, kisha fungua ukurasa upya. Panga kwa ukubwa. Utashangaa. Picha ya simu ya kawaida ina upana wa pikseli 4000 na urefu 3000, hizo ni pikseli milioni 12, na kwenye ukurasa umeiweka kakisanduku ka 400 kwa 300, yani pikseli laki moja na elfu ishirini. Mgeni anapakua pikseli mara mia ya anazoziona, kwa bando lake mwenyewe. Hata ukizidisha mara mbili kila upande kwa ajili ya skrini kali za simu, 800 kwa 600 inatosha kabisa.

HATUA YA 6: punguza na ubadili aina

Punguza vipimo kwanza, aina ya faili baadaye, watu wanageuza huu mpangilio. Picha za kamera weka WebP (aina ya faili ya picha), Google wenyewe walioitoa 2010 wanasema inakuwa ndogo kwa asilimia 25 mpaka 34 ukilinganisha na JPEG ya ubora ule ule. AVIF, aina nyingine ya faili, inabana zaidi ila inachukua muda kuitengeneza. Nembo weka SVG, faili la mchoro lisilopoteza ubora ukilikuza. Picha ya skrini yenye maandishi, PNG au WebP ile isiyopoteza ubora, ukiweka JPEG herufi zinaota ukungu pembeni. Kifaa cha kazi hii ni Squoosh, kinafanya kazi ndani ya brauza yako kwa hiyo picha haziendi kwa mtu, unavuta kamstari katikati unaona kabla na baada. Ukiwa na picha mia tano hapo tafuta plagini (programu ndogo ya kuongeza kwenye tovuti), Squoosh ni ya moja moja.

HATUA YA 7: iandike vizuri kwenye ukurasa

<img src="duka.webp" width="800" height="600" loading="lazy" alt="Mlango wa duka ukiwa wazi">

Width na height zinaiambia brauza iache nafasi mapema, bila hizo maandishi yanaruka picha ikifika, mtu anabonyeza kitufe kumbe kimeshahama. Loading lazy inachelewesha picha za chini mpaka msomaji akaribie. ILA picha kubwa ya juu kabisa usiiwekee lazy, unajichelewesha mwenyewe, na hiyo mara nyingi ndo Google wanaipima, wanataka kitu kikubwa kuliko vyote pale juu kionekane ndani ya sekunde 2.5. Alt ni maelezo kwa asiyeona picha, andika kilichomo, siyo rundo la maneno ya kutafutia wateja.

HATUA YA 8: kifaa chenyewe cha kuonyeshea

Kama uko WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti) toleo 6.4 kwenda mbele, mtu kubonyeza picha ikakua skrini nzima ipo ndani tayari, kwenye bloku ya picha chagua ikuzwe ikibonyezwa. Usisakinishe plagini kwa kazi hiyo. Nje ya WordPress mi nachukua PhotoSwipe, inakubali vidole vizuri kwenye simu, usumbufu wake ni kwamba lazima uipe vipimo vya kila picha kubwa mapema. Lightbox2 ni rahisi kuweka ila inategemea jQuery (maktaba ya JavaScript), kama tovuti yako haina jQuery unaongeza mzigo wa bure, GLightbox haihitaji. Kwa slaida, yani picha zinazopishana, Swiper inatosha. Na soma leseni kabla hujamwekea mteja, Fancybox kwa mfano matumizi ya biashara ni ya kulipia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu asante kwa somo. Mashine moja imenipa dola 1,900 nyingine dola 240 kwa jina hilo hilo, niamini ipi?

Jibu: Usiamini yoyote mkuu, zichukue kama maoni ya wapita njia. Kakae NameBio utafute majina kumi yanayofanana na lako. Ukikosa hata moja lililowahi kuuzwa, na hilo ni jibu.

Swali: Nimeandikiwa imeili na mtu anataka kununua domeini yangu kwa hela nzuri tu, ila anasema nipate kwanza cheti cha tathmini kutoka tovuti fulani, cheti ni dola chache. Nilipe?

Jibu: HAPANA ndugu yangu. Huo ni wizi wa siku nyingi, mnunuzi na hiyo tovuti ya cheti ni mtu mmoja. Ukishalipa anapotea. Mnunuzi wa kweli hahitaji cheti, anajua anachotaka. Mjibu kwamba mtumie eskro moja kwa moja na ada utagawana naye, uone kama atarudi.

Swali: .com yangu iliisha muda wiki tatu zilizopita nikasahau, bado nina nafasi?

Jibu: Kimbia sasa hivi kwenye akaunti yako. Baada ya kuisha kuna kipindi cha kuhuisha kwa bei ya kawaida, kinaweza kufika siku 45 lakini kampuni ndo inaamua, na nyingine zinaipeleka mnadani mapema. Kikipita kuna siku 30 za kukomboa, hapo ada ni kubwa. Baada ya hapo siku 5 za kusubiri kufutwa ambazo huwezi kufanya lolote, kisha iko wazi kwa yeyote, na kuna mashine zinavizia.

Swali: Je nikisajili jina la kampuni kubwa nikaongeza neno "shop" mwisho, si watakuja kulinunua kwangu?

Jibu: Watakuja ila siyo na hela. Kuna utaratibu unaitwa UDRP tangu 1999, wakithibitisha una nia mbaya na jina lao la biashara unanyang'anywa na hulipwi senti. Achana nayo kabisa.

Swali: Nimegeuza picha zote WebP lakini PageSpeed (kipimo cha kasi cha Google) bado inanipa 48 kwenye simu, shida nini?

Jibu: Kwanza angalia vipimo, nakuhakikishia kuna picha ya pikseli 4000 imejificha humo, WebP kubwa bado ni kubwa. Pili hiyo 48 ni jaribio la mashine linaloigiza simu ya uwezo mdogo. Panda juu ya ukurasa huo huo, kama tovuti yako ina wageni wa kutosha utaona sehemu ya watumiaji halisi wa siku 28 zilizopita. Kama pale ni kijani usikonde na 48. Kama ni nyekundu, shughulikia ile picha ya juu kabla ya kitu kingine.

Swali: Kuna picha nzuri kwenye tovuti nyingine, naruhusiwa kuweka linki yake tu badala ya kuipakia kwangu?

Jibu: Unamla mwenzako trafiki, kila mgeni wako anapakua picha kutoka kwenye seva yake, na hakimiliki ni yake. Akichoka anaibadilisha na anaweka anachotaka, kinatokea kwako. Usifanye.

Swali: Mteja wangu anang'ang'ania slaida ya picha saba juu ya ukurasa wa kwanza na kila moja inajisogeza yenyewe. Nimemweleza hasikii.

Jibu: Wateja bwana! Mwekee, ni hela yake, ila ya kwanza iwe picha ya kawaida isiyo na lazy, zile sita zipakuliwe baadaye, zima kujisogeza na uweke mishale ya kubonyeza. Alafu uombe ruhusa ya kuhesabu mibonyezo kwa mwezi mmoja, mpelekee orodha ya wangapi walibonyeza picha ya nne kwenda mbele, usiongeze neno.