Kubadilisha seli ya betri ya simu ambayo betri yake haiuzwi tena

Shangazi aliniletea simu yake ya miaka kumi. Kioo kizima, laini inashika, ila chaji inaisha kabla ya adhuhuri, na Kariakoo nzima wamemwambia betri hiyo haiji tena. Kweli haiji. Lakini seli ya ndani, ile inayotunza chaji, inapatikana.

1. Tafuta seli. Namba iliyoandikwa kwenye seli ndiyo kipimo chake: 405060 maana yake unene milimita 4.0, upana 50, urefu 60. Angalia na volti: iliyoandikwa 3.7V hujaa kwa 4.2V, ya 3.8V hujaa kwa 4.35V. Seli ya 3.7V usiiweke kabisa kwenye simu iliyotumia ya 3.8V, itajazwa kupita kiasi.

2. Tumia simu mpaka izime, kisha bandua karatasi ya betri. Kata miguu ya seli (vibati viwili vinavyoiunga na bodi) mmoja mmoja, kila mmoja uufunge tepu kabla ya kugusa mwingine. Imevimba? Usiitoboe.

3. Bodi ndogo ya betri ibaki ileile. Wapo mafundi wanaoitupa na kuunga nyaya moja kwa moja. Mimi siwezi kumpa mtu simu ya namna hiyo alale nayo kitandani. Bodi ndiyo inayokata umeme seli ikizidiwa, na simu huitambua betri kupitia pini ya ziada.

4. Unga seli kwenye bodi kwa risasi, B- (mguu hasi wa seli) kwanza, halafu B+ (mguu chanya). Choma kwenye miguu tu, seli yenyewe isipate moto.

5. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima mara ya kwanza. Seli inasoma 3.8V, lakini pini za nje za bodi, P+ na P-, zinasoma sifuri. Simu haiwaki, chaja ya kobe, ile ya kubana betri nje ya simu, haionyeshi taa. Niliamini nimeunguza bodi, nikaibandua na kuiunga upya mara tatu. Kumbe bodi nyingi zikitenganishwa na seli hujifunga, na kobe haiwezi kuifungua kwa sababu yenyewe husubiri kuona volti kwanza. Chukua kipande cha waya, gusisha B- na P- kwa sekunde moja, pima tena. Ni B- na P-. Ukigusisha P+ na P- umepiga shoti. Kama bodi haina maandishi, fuatilia kwa mita: B- ni pale mguu hasi wa seli unapoungwa. Ikisoma volti kisha ikarudi sifuri, acha waya, tafuta shoti kwenye maungio yako.

6. Funga tepu, rudisha. Chaji ya kwanza iwe sakafuni, nawe ukiwa hapohapo.

Seli ya zamani ifunge tepu miguu yote miwili, na isiende jalalani wanakochoma taka.