Somo: Kufuata bikoni za vilimani, nusu siku kutoka Mombasa

Bikoni ninazozisema si zile za ploti. Ni alama za wapimaji wa ramani, zilizowekwa kileleni ili mtu asimame kilima hiki aone kile, apime pembe kwa theodolaiti. Kilima kwa kilima mistari hiyo hufanya mtandao wa pembetatu, na kwa huo ndipo nchi ikachorwa. Uingereza walianza kujenga nguzo zao za zege mwaka 1936, zikapita 6,000, na wako watu wanaozizuru moja moja kila wikendi. Huku kwetu usitarajie nguzo kila mahali; pengine ni chuma kilichochomekwa mwambani, majani yamekifunika.

1. Pata ramani ya Survey of Kenya ya 1:50,000. Sentimita 2 ni kilomita 1. Alama yenyewe ni pembetatu ndogo yenye nukta.

2. Rekebisha simu. Ramani hizo zimechorwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960; simu yatumia mwingine, WGS 84. Ukiingiza namba za mahali kutoka kwenye ramani hivi hivi utapelekwa kama mita 300 kando, ubaki kuzunguka kwenye mihogo ya watu. Programu ikikataa kubadilisha mfumo, achana na namba, fuata kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha miinuko.

3. Chagua kilima. Upande wa Rabai ni rahisi: matatu hadi Mazeras, kisha boda. Au vuka feri, upande matatu za Kwale. Ndani ya hifadhi ya Shimba Hills kuna kiingilio na kuna ndovu, kwa hiyo hapo hutembei bila askari wa KWS, shirika la wanyamapori.

4. Piga hodi. Kwangu hii ndiyo hatua yenyewe. Pwani ardhi ni kidonda, na mgeni anayetafuta bikoni huku akikodolea simu huonekana ametumwa na mnyakuzi. Anza kwa mzee wa kijiji, mwamkie, umwonyeshe ramani. Mara nyingi atakupa kijana wa kukupeleka, maana yeye alama anaijua tangu utotoni. Kijana mpe chochote.

5. Ukifika, piga picha basi. Usichimbe, usichore jina. Kuharibu alama ya upimaji ni kosa kisheria.

Maswali yenu

Kilima kikiwa na kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, je?
Usiingie bila ruhusa ya wazee wa kaya, hata kama ramani inaonyesha alama humo. Kaya za Wamijikenda ziko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008, lakini heshima yake ni ya zamani kuliko orodha.

Nimefika juu sioni kitu.
Tafuta rundo la mawe, au sehemu ambayo ungeona mbali zaidi kama miti isingekuwepo. Mpimaji alihitaji kuona.

Naweza kuja na watoto?
Rabai, naam. Toka alfajiri, ikifika saa tano jua la huko juu halina mzaha. Maji mbebe wenyewe.