Wali wa kwanza wa mtoto: asali iache kabatini

Mkijiandaa kwa Annaprashan, siku mtoto wa Kihindu anapoonjeshwa wali kwa mara ya kwanza, pangeni saa kwa kufuata usingizi wake, si ratiba ya wageni. Kwa desturi wa kiume hulishwa mwezi wa 6 au wa 8, wa kike wa 5 au wa 7. Wa kike msubirishe huo wa 7, kwani vyakula vinashauriwa kuanza akitimiza miezi 6. Kwa Wabengali kijiko cha kwanza mara nyingi ni heshima ya mjomba (kwao mjomba huitwa “mama”, msishangae).

Chakula chenyewe ni payesh, wali uliopikwa kwa maziwa na sukari. Cha mtoto kipakue kabla hujatia sukari, kiponde kiwe laini kabisa. Vijiko viwili vinatosha. Asali usimlambishe hata kidogo kabla ya mwaka 1, inaweza kubeba vijidudu vya sumu ya botulini. Korosho na zabibu kavu ziishie kwa wakubwa.

Na lile sinia la kubashiria maisha ya mtoto kwa kitu atakachochagua, lenye udongo, kitabu, kalamu na dhahabu: wekeni bangili, si hereni. Atakachoshika kitaelekea mdomoni.