Kukuza seli mbili tofauti pamoja: jinsi ya kujua zinafanyiana nini

Wadogo zangu wa Malindi mnaosomea bayolojia, hii ni ya anayetaka kuona seli za binadamu zinavyoathiriana zikikaa pamoja. Tuchukue seli za ini, maana malaria huku pwani twaijua na kidudu chake hupitia ini kwanza kabla ya kuingia seli nyekundu za damu. Seli za ini ukizikuza zenyewe tu kwenye pleti, siku chache zishaanza kulegea, albumini (protini inayotengenezwa na ini) inapungua, enzaimu za kuvunja dawa nazo zinashuka, lakini ziweke na fibroblasti, zile seli zinazojenga tishu za kushikiza viungo, utaona zinapiga kazi wiki kadhaa.

Sasa je, ni kugusana au ni vitu zinavyotoa? Hapa ndo pa kutulia. Panda makundi manne kwa midia ileile, yaani maji ya virutubisho ya kukuzia seli: ini tu, fibroblasti tu, zote zimechanganywa, na zote zimetenganishwa na kikombe cha utando wenye vitundu vya maikromita 0.4, protini zinapita ila seli hazipiti (cha maikromita 8 achana nacho, seli zinajipenyeza). Mchanganyiko ukistawi na wenye utando ukalegea sawa na ini tupu, kugusana kuna kazi yake. Wa utando nao ukistawi, basi kuna kitu kinatolewa kwenye midia kinasaidia.

Anza na seli za ini juu ya kolajeni (protini inayopakwa kwenye pleti ili seli zishike), ziache zishike, kesho yake ndo uongeze fibroblasti. Hizi zinagawanyika na za ini karibu hazigawanyiki kabisa, kwa hivo usipozizuia zitajaza pleti yote. Mwaka 1975 wanasayansi Rheinwald na Green kule Marekani walikuza seli za ngozi ya binadamu na fibroblasti za panya zilizopigwa mionzi zisizidi, na mbinu hiyo mpaka leo inafaa.

Inkubeta, lile kabati la joto la kukuzia seli, iwe nyuzi 37 na kaboni dayoksaidi asilimia 5. Stima ikipotea, na huku yapotea, usifungue mlango hata kwa kuchungulia, joto litakaa ndani kwa muda.

Ukipima albumini gawanya kwa idadi ya seli za ini peke yake, usigawanye kwa seli zote, la sivyo fibroblasti zikiongezeka utadhani ini limechoka na wala halijachoka.